Matayarisho ya Mtihani wa Umilisi wa Kijapani kwa Wasemaji wa Kiswahili: Baadhi ya Maoni

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Desemba, watahiniwa hukusanyika jijini Nairobi wakiwa na penseli na vifutio ili kufanya Mtihani wa Umilisi wa Lugha ya Kijapani. Ni wachache wakilinganishwa na umati ufanyao mtihani huo huo siku hiyo katika miji ya Asia, na pengine ni kwa sababu ya uchache wao kwamba ni nadra kusikia mtu akiuliza wanajitayarishaje. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa jicho la isimu. Hoja yetu ni nyepesi kuitaja, ingawa huenda ikawa nzito kukubalika: mtahiniwa msemaji wa Kiswahili hujitayarisha kana kwamba lugha aliyoipata utotoni ni Kiingereza, na kwa kufanya hivyo hujitwisha ugumu ambao haukuwa wake, huku akiuacha bila kazi ujuzi alio nao tayari.

Kabla ya kuendelea yafaa tuueleze mtihani wenyewe kwa ufupi. Mtihani huu ulianza mwaka 1984, na mwaka huo ulifanywa na watahiniwa wapatao 7,000 ulimwenguni. Huandaliwa kwa pamoja na Japan Foundation na shirika liitwalo Japan Educational Exchanges and Services. Hadi mwaka 2009 ulikuwa na viwango vinne. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliufanya uwe na vitano, kuanzia N5, kilicho cha chini kabisa, hadi N1. Sababu ya kuongezwa kiwango cha kati ni ya kufundisha. Katika utaratibu wa zamani kiwango cha tatu kilidai alama 300 hivi za kanji na maneno 1,500, ilhali cha pili kilidai alama 1,000 na maneno 6,000. Aliyefaulu cha tatu alijikuta amesimama ukingoni mwa korongo. N3 ni daraja lililojengwa juu ya korongo hilo, na hata hivyo wengi huendelea kutumbukia humo, akiwamo mwandishi wa makala haya, kama tutakavyoona.

Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Mtahiniwa haandiki sentensi hata moja wala hafungui kinywa. Hupimwa maarifa ya msamiati na sarufi, usomaji, na usikilizaji, na alama za jumla ni 180. Kuna sharti moja ambalo watahiniwa wengi hulisahau: haitoshi kufikia jumla inayotakiwa, kila sehemu ina kima chake cha chini. Katika N3, kwa mfano, mtahiniwa hana budi kupata jumla ya 95, lakini akipata pungufu ya 19 kati ya 60 katika sehemu yoyote, ameanguka, hata kama jumla yake imepita 95 kwa mbali.

Mambo yanayotegemea mtihani huu si madogo. Tangu Aprili 2019 Japani imekuwa na kibali cha makazi kwa wafanyakazi wa kigeni wenye ujuzi maalumu, na cheti cha N4 ni mojawapo ya njia za kuthibitisha lugha kwa ajili ya kibali hicho. Kwa wataalamu wa daraja la juu, ambao maombi yao hupimwa kwa pointi, N2 huongeza pointi 10 na N1 pointi 15. Kijana anayeanguka kwa pungufu ya alama mbili hupoteza mwaka mzima, kwani mahali pengi nje ya Japani mtihani hufanywa mara moja tu kwa mwaka.

Hiki, hicho na kile

Tuanze na jambo dogo la wiki ya kwanza. Kijapani kina vionyeshi vya daraja tatu: kore kwa kitu kilicho karibu na msemaji, sore kwa kitu kilicho karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa, na are kwa kitu kilicho mbali na wote wawili. Vivyo hivyo mahali: koko, soko, asoko. Kiingereza cha leo kina daraja mbili tu. Kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa kadhaa, pamoja na michoro ya watu wawili na meza kati yao, kueleza daraja hili la katikati ambalo msomaji wa Kiingereza hana neno lake.

Mwanafunzi wetu husoma kurasa hizo kwa bidii na kujaza mazoezi. Hakuna anayemwambia kwamba kore ni hiki, sore ni hicho, na are ni kile; kwamba koko, soko na asoko ni hapa, hapo na pale. Hata ile kazi ya pili ya sore, ya kurejelea jambo lililotajwa, ni kazi ya hicho vile vile. Nimewaona wanafunzi wakikosea sore na are katika N5, wanafunzi ambao hawajawahi hata siku moja kukosea hicho na kile. Kosa hilo halikutokana na Kijapani. Lilitoka katika lugha iliyosimama mlangoni.

Mifano ya aina hii ni mingi na hatuna haja ya kuiorodhesha yote. Kijapani hutofautisha kuwapo kwa chenye uhai, iru, na kuwapo kwa kisicho na uhai, aru. Nasi husema mbwa yupo lakini kitabu kipo. Kijapani hakina neno moja la ndugu wa kiume lisilotaja umri, bali humtenga mkubwa na mdogo. Mtoto aliyelelewa kusema kaka na mdogo wangu hashangai. Idadi katika Kijapani hubadilika kufuatana na kinachohesabiwa: watu, vitu vyembamba virefu, vitu bapa, wanyama wadogo, kila kundi na kihesabio chake. Hapa ulinganisho na ngeli usivutwe kupita kiasi, maana ngeli ni upatanisho wa kisarufi na vihesabio vya Kijapani hujitokeza wakati wa kuhesabu tu. Hata hivyo, anayesema watu wawili, vitabu viwili na miti miwili amekwisha kuzoea kwamba neno la namba halisimami peke yake.

Kufiwa

Mahali ambapo hoja yetu ina uzito zaidi ni katika mnyambuliko wa vitenzi, na hapa naomba ruhusa ya kusimulia kisa. Nilianza kujifunza Kijapani nikiwa na umri wa miaka arobaini na minane, katika darasa la vijana walio rika la wanangu. Mwalimu wetu, Mjapani mwenye subira isiyo kifani, alikuwa akieleza kwa Kiingereza kile ambacho wanasarufi hukiita kauli ya kutendwa ya adha. Alitupa mfano unaopatikana karibu katika kila kitabu: chichi ni shinareta. Chichi ni baba, ni hapa humtaja mtenda, na shinareta ni kitenzi shinu, yaani kufa, katika kauli ya kutendwa, wakati uliopita. Kwa Kiingereza kitenzi cha kufa hakitendwi. Mwalimu akajaribu kwa njia hii na ile, akachora ubaoni mtu mwenye huzuni na mshale unaomwelekea, na darasa likazidi kukunja uso. Ndipo kijana mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili: "Si ni kufiwa tu?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa kuwa lilikuwa limeelewa. Mwalimu akauliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumweleza kwa Kiingereza.

Kijana yule alikuwa na haki kabisa. Chichi ni shinareta ni nilifiwa na baba. Mfano wa pili wa vitabu hivyo ni ame ni furareta, ambao ni nilinyeshewa na mvua. Wa tatu ni kodomo ni nakareta, nilililiwa na mtoto. Vitenzi hivi vitatu, kufa, kunyesha na kulia, havina yambwa katika lugha zote mbili. Na lugha zote mbili zina njia ya kumleta mbele mtu aliyeguswa na tendo, na kumfanya kiima cha sentensi, huku mtenda akifuata nyuma na kiambajengo chake, ni kwa Kijapani na na kwa Kiswahili. Muundo ambao vitabu vinauita wa ajabu na wa pekee, na ambao mtahiniwa wa N4 huuhofu kuliko mwingine wowote, ni muundo ambao mtoto wa Mombasa au Morogoro huutumia anaporejea nyumbani akiwa amelowa.

Hata hivyo, haifai kuishia hapo, maana mlingano huu una mtego, na mtego huo ndio unaodai mwalimu badala ya bahati. Katika Kiswahili kauli ya kutendwa haikifikii kitenzi kama kufa moja kwa moja. Hupitia kwanza kauli ya kutendea: fa, fia, fiwa, nyesha, nyeshea, nyeshewa, lia, lilia, liliwa. Kijapani hakina daraja hilo la kutendea. Tofauti hii ya umbo ina matokeo ya maana. Kauli yetu ya kutendea haibagui heri na shari: nilinyeshewa ni balaa lakini nilipikiwa ni neema. Kijapani hubagua. Shari huenda kwa kauli ya kutendwa, na heri huenda kwa muundo mwingine kabisa, ule wa kitenzi kikuu kufuatwa na morau, kupokea, au kureru, kunipa.

Chukua sentensi nilisomewa barua na mama. Kwa Kiswahili yaweza kuwa mama alinisaidia kuisoma barua, na yaweza kuwa mama aliifungua barua yangu ya siri akaisoma. Muktadha ndio huamua. Msemaji wa Kijapani hana anasa hiyo ya kutegemea muktadha. Kwa maana ya kwanza atasema haha ni tegami o yonde moratta. Kwa maana ya pili, haha ni tegami o yomareta. Mwanafunzi wetu akichukua kauli ya kutendewa na kuigeuza yote kuwa -rareru, atamlaumu mama kwa wema aliotendewa. Nalo ni swali la mtihani: katika sarufi ya N4, na hasa katika usikilizaji, ambapo mtahiniwa husikia mazungumzo na kuulizwa ni nani aliyemfanyia nani jambo gani.

Mfundishaji anayetumia Kiingereza hawezi kuuona mtego huu, maana haupo katika lugha yake. Mtego ni wetu. Lakini mfundishaji anayeijua kauli ya kutendea anaweza kuufundisha kwa dakika kumi: angalia kama tendo limekufaa au limekuudhi, kisha chagua.

Kauli ya kutendesha nayo yataka tahadhari ya aina hiyo. Kwa umbo hakuna kilicho rahisi zaidi. Andika, andikisha, andikishwa. Kaku, kakaseru, kakaserareru. Kiambishi cha kusababisha hutangulia na cha kutendwa hufuata katika lugha zote mbili, na mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hawezi kuvipindua. Kwa maana, lakini, -saseru ya Kijapani hubeba pia ruhusa: mtu aombaye ikasete kudasai hataki kulazimishwa kwenda, anaomba aachwe aende. Kutendesha kwetu kwa kawaida hakubebi ruhusa, na msikilizaji asiyeonywa huamini kwamba mtu analazimishwa ilhali anapewa nafasi.

Kuna jambo la kejeli katika haya yote. Kijana aliyepitia shule ya sekondari nchini Kenya amefundishwa mnyambuliko wa vitenzi hadi akauchoka. Ameulizwa katika mtihani aandike kauli ya kutendeshwa, ya kutendewa, ya kutendeana. Miaka miwili baadaye hukaa mbele ya kitabu cha Kijapani na kuambiwa kwa Kiingereza kwamba kuna lugha ambazo vitenzi vyake hurefuka kwa viambishi, naye hushangaa kama aliyesikia habari za mwezini.

Sikio na karatasi

Usikilizaji ni sehemu ambayo watahiniwa wetu wana sababu nzuri ya kutarajia mema. Irabu ni tano zile zile. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Nazali yaweza kusimama peke yake kama pigo kamili: msemaji wa Kiswahili anayehesabu silabi mbili katika mtu na mbili katika nne hapati taabu kukubali kwamba shinbun, gazeti, ina mapigo manne. Maneno ya mkopo nayo yamepitia tanuri moja na yetu. Keki ni keeki, kamera ni kamera, na burashi ni burashi. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza hana budi kuyafumua maneno haya ili ayatambue. Sisi tumekwisha kuyafumua.

Mashaka yapo katika urefu wa sauti. Kwa Kijapani irabu ndefu, ambayo hapa tunaiandika kwa kuirudia, huweza kubadili neno: yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri, biru ni jengo, biiru ni bia. Mtu atasema kwamba sisi pia tuna kata na kataa, kufa na kufaa. Ni kweli, na huo ndio mwanzo mzuri wa somo. Lakini sikio letu linapotenga kata na kataa linasaidiwa sana na mkazo, ambao huhama pamoja na silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Isitoshe, sisi huirefusha kidogo silabi yenye mkazo bila kujua. Mwanafunzi aliyesema obasan, shangazi, akiweka mkazo katika ba, anaweza kusikika amesema obaasan, yaani bibi. Nimemwona shangazi mmoja wa Kijapani asiyeufurahia mzaha huo.

Konsonanti maradufu ni ngumu zaidi. Kite ni njoo, na kitte ni stempu. Oto ni sauti, na otto ni mume. Kiswahili kilipoazima maneno ya Kiarabu kilizipunguza konsonanti za namna hii: sukkar ikawa sukari, dukkan ikawa duka. Hatuna kawaida ya kuzisikia. Msemaji wa Kiganda anazo katika lugha yake, na ni mfano mzuri wa jambo tunalolisema, kwamba kila lugha ya mtahiniwa ina chake cha kuleta. Msemaji wa Kikikuyu, naye, ana toni na ana irabu ndefu. Atapata mengi ambayo Kiswahili, kilichokwisha kupoteza toni, hakiwezi kumpa.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ya sauti yanahusu sehemu ya usikilizaji tu. Sivyo. Katika karatasi ya msamiati mtahiniwa huonyeshwa neno lililoandikwa kwa kanji na kupewa matamshi manne achague moja. Majibu ya uongo hutengenezwa kwa kucheza na urefu huo huo. Neno lenye maana ya safari ni ryokoo, na mtahiniwa anaweza kulikuta limezungukwa na ryoko, ryooko na ryookoo. Ambaye hakulisikia neno vizuri hana njia ya kulichagua kwa macho.

Jambo jingine la usikilizaji ni mahali pa ukanushi. Katika Kiswahili, silabi ya kwanza ya kitenzi hutupa habari karibu zote: sikutaka kwenda, tayari tumejua ni nani na kwamba hakutaka kabla ya kusikia alichokikataa. Katika Kijapani, ikitaku nakatta, kukataa kunakuja mwisho kabisa, baada ya kwenda na baada ya kutaka. Kanda huchezwa mara moja tu. Mtahiniwa wetu husikia kwenda, husikia kutaka, akatia alama. Hili si la kufundishwa kwa maelezo. Ni la mazoezi, na ni vema mtu aambiwe mapema ni mazoezi ya nini.

Pale Kiswahili kinaponyamaza

Nilisema kwamba mimi mwenyewe nilitumbukia. Nilipofanya N3 nilipata 41 katika msamiati na sarufi, 44 katika usikilizaji, na 16 katika usomaji. Jumla ilikuwa 101, juu ya ile 95 inayotakiwa, nami nilianguka. Nilikuwa nimesoma vifungu vitatu vizuri na sikuvifikia vilivyobaki.

Alama hizo zinaeleza jambo zima kuliko nadharia. Kanji hazina kilinganishi katika lugha zetu. Orodha ya alama za matumizi ya kawaida iliyotolewa na serikali ya Japani mwaka 2010 ina alama 2,136, na alama moja yaweza kuwa na matamshi kadhaa: ile yenye maana ya uhai husomwa sei, shoo, nama, na kwa njia nyingine kadhaa kutegemea jirani zake. Mtahiniwa kutoka China huijua maana kabla hajaijua sauti. Mtahiniwa kutoka Korea huikuta sarufi inayofuata mpangilio ule ule wa maneno na kitenzi mwishoni. Wote hufanya karatasi ile ile tunayoifanya sisi.

Kwa sababu hii wapo wenzetu wanaosema kwamba ulinganisho wa Kiswahili na Kijapani ni burudani ya wanaisimu, kwani mtihani unashindwa au kufaulu katika kanji. Mimi naiona hoja hiyo kuwa inaunga mkono upande wangu. Miongozo ya mtihani wa zamani ilikadiria saa 300 za masomo kwa kiwango cha tatu na 600 kwa cha pili. Saa hizo ni mali, na mali hiyo ina mipaka, hasa kwa mtu anayesoma baada ya kazi. Kama wiki tatu zinazotumiwa kueleza kufiwa kwa Kiingereza zingalikuwa siku tatu, wiki mbili na zaidi zingalihamia kwenye kanji. Wanafunzi wetu huzitumia saa zao kujifunza upya wanayoyajua, kisha huingia katika usomaji wakiwa na njaa ya muda.

Na hata katika kanji Kiswahili hakinyamazi kabisa. Maneno mengi yameungwa kwa alama mbili zenye maana wazi. Densha, treni ya umeme, ni umeme na gari. Kisha, ambalo kwa bahati ya masikio linafanana na neno letu, ni mvuke na gari, na maana yake ni lile tulilolibatiza garimoshi. Nilipowaonyesha wanafunzi wawili hilo la mwisho hawakulisahau tena.

Zipo pingamizi nyingine zinazostahili jibu. Yasemwa kwamba vijana wetu wamesoma kwa Kiingereza na hawawazi sarufi kwa Kiswahili. Kisa cha kijana wa nyuma ya darasa kinatosha kwa hilo. Yasemwa kwamba hakuna istilahi. Zipo, nazo ni zile zile za mnyambuliko walizotahiniwa nazo. Yasemwa, tena kwa haki, kwamba walimu wengi wa Kijapani hawajui Kiswahili cha kiasi hicho. Ni kweli, na si lawama kwao. Lakini idara za Kiswahili na madarasa ya Kijapani aghalabu ziko katika vyuo vya mji mmoja, na huko Osaka Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, kwanza katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni na, tangu kuungana kwa vyuo mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Osaka. Wanafunzi wa huko wamekuwa wakiivuka njia hii kutoka upande wa pili, wakijifunza fiwa kwa msaada wa shinareru. Kusahihisha madaftari yao ni utafiti tosha.

Sina haja ya kuutukuza mtihani wenyewe. Kipimo kisichomdai mtu aseme wala aandike ni kipimo cha nusu ya lugha, na nimekutana na mwenye cheti cha N2 aliyeshindwa kuagiza chai. Siku tutakapotunga mtihani wa namna hii kwa wageni wanaojifunza Kiswahili, kasoro hiyo tusiirithi. Lakini vijana waendao Nairobi kila Desemba hawana mtihani mwingine wa kungojea.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Ni kijitabu cha sarufi ya N5 na N4 kwa Kiswahili, kisichochukua nafasi ya kitabu cha darasani bali kinachosomwa sambamba nacho, chenye kurasa za vionyeshi, iru na aru, kauli ya kutendwa, kutendesha na ruhusa, kupewa na kupokea, urefu wa sauti, na ukanushi wa mwisho. Pale ambapo Kiswahili hakina la kusema, kijitabu kinyamaze. Rasimu ya kurasa kumi na nne ipo, nayo imekwisha kupita mikononi mwa wanafunzi wachache, wakairudisha imejaa alama za kalamu nyekundu. Ukurasa wa nilisomewa barua na mama nimeuandika mara tatu sasa, na mwalimu wetu bado hajauridhia.